Mtumishi Aliyevaa Glavu

Kwa heshima na taadhima, wageni waalikwa, wazazi, walezi, na wewe uliyekaa nyuma unatafuna kitu ukidhani huonekani: itangazwe kwamba mji wetu ulipata kutembelewa na Mtumishi wa Mataifa, Mfariji wa Wanyonge, Mponyaji wa Magonjwa Sugu na Yale Yasiyo Sugu Sana. Alikuja kwa miguu, kwa sababu kondakta alikuwa amemshusha njiani kwa kukosa nauli.

Walimwita Sabuni. Ukimshika anateleza, na akiondoka anakuacha msafi, mifuko yote. Katika mji aliotoka alikuwa akiuza dawa ya kuotesha nywele. Biashara ilikwenda vizuri mpaka siku upepo ulipomvua kofia mbele ya wateja, wakaona kichwa kinavyong'aa.

Ilikuwa Jumapili asubuhi, jua kali, na Sabuni alikuwa akitafuta kivuli. Akakipata ubavuni mwa kanisa. Ndani watu walijaa mpaka kwenye ngazi, wengine wakisukumana kwa viwiko kumfikia mhubiri aliyekuwa akiwaombea wagonjwa. Nje, chini ya dirisha, alikaa mama mmoja peke yake juu ya kigoda, mikono ameifunika kwa mtandio. Ibada ilipokwisha watu walitoka, wakampita kwa mbali, wakamtupia salamu kama mtu anavyowatupia kuku mtama.

Mtu mwingine angeona huzuni. Sabuni aliona mtaji. Hapa kuna mji mzima wenye njaa ya miujiza, akawaza, na hapa kuna mgonjwa anayejulikana na kila mtu. Wamewekwa mbalimbali kwa uzembe tu.

Akasogea, ila si sana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sogea, mwanangu, sauti haifiki."

"Hapa panatosha, mama. Nimependa upepo wake."

"Hata huku upepo upo," alisema mama, akatabasamu kama mtu aliyekwisha kuzoea. "Haya, sema shida yako."

Sabuni alijikohoza, akaweka ile sauti yake ya kuuzia vitu. "Mama, mimi nina huduma. Huduma ya uponyaji."

Mama alimtazama kuanzia juu, akashuka, akaishia miguuni. "Mwanangu, hata viatu vyako vinaumwa."

"Manabii wote walitembea sana."

"Basi wewe umepitia walikopita wote."

Sabuni alicheka kabla hajajizuia. Akaona huyu si wa kuzungushwa, akamweleza mpango wake waziwazi. Atakodi ukumbi. Atawaita watu. Yeye mama atakuja mbele, ataombewa, atatetemeka kidogo kwa adabu, kisha atasimama na kutangaza kwamba amepona. Kapu la sadaka litapita, na kilichomo watagawana kama ndugu.

Mama alifunua mtandio. Mikono yake ilikuwa na makovu, na baadhi ya vidole vilikuwa vimekwenda zamani, vimebaki vifundo vifupi. Sabuni alirudi nyuma bila kukusudia, akajifanya anakwepa siafu.

"Mimi nilishapona," alisema mama. "Ulikuwa ukoma. Hospitali walinipa dawa, nikameza mpaka nikachoka. Wakanipima, wakasema mama umepona, humwambukizi mtu. Miaka mingi sasa. Ugonjwa uliondoka. Watu ndio hawajarudi."

Uso wa Sabuni ulichanua. "Mama, hiyo ni habari njema kupita kiasi! Mgonjwa aliyekwisha kupona! Wenzangu wanahangaika na wagonjwa wanaoumwa kwelikweli."

"Nusu ya kazi umefanyiwa, sivyo?"

"Nusu nzima!"

Mama alitazama watu wanavyopotelea barabarani. "Jumamosi binti yangu anaolewa na kijana wa Mama wa Buchani. Kijana hana neno. Mama yake ndiye kasema wageni hawatakula wakiiona mikono yangu. Kwa hiyo kiti cha mama wa bibi harusi atakikalia mdogo wangu. Mimi nimepangiwa dirisha."

"Mdogo wako kakubali?"

"Mdogo wangu ana kikombe changu pale kwake, amekifunga uzi mwekundu kwenye kishikio ili mtu asije akakosea akanywea. Ananipenda. Ananipenda kwa mbali." Akafunika tena mikono. "Nitakuja kwenye huo mchezo wako, lakini kwa masharti. Nikae ndani, mstari wa mbele. Mdogo wangu na Mama wa Buchani uwaalike, wakae mbele pia. Na wewe unishike mkono."

"Nitakushika kwa imani, mama."

"Imani yako ina vidole?"

Sabuni alitafuta jibu, akalikosa, jambo lililokuwa halijamtokea tangu siku ya kofia.

"Yule mwenye ukoma alipomwendea Yesu," alisema mama, "Yesu angeweza kusema neno tu, akiwa huko aliko, na mtu angepona. Si ndiyo? Lakini alinyoosha mkono akamgusa kwanza. Akiwa bado mgonjwa. Kwa nini? Nimekaa dirishani muda wote huu nasubiri mhubiri aelezee hapo. Kila mmoja akifika hapo anaruka, anakwenda kwenye sadaka."

"Pengine walikuwa na haraka," alisema Sabuni, ambaye na yeye alikuwa na haraka ya kwenda kwenye sadaka.

Wakakubaliana. Hawakupeana mikono.

*

Juma lile Sabuni alifanya kazi kama mtu mwaminifu, na ilimchosha sana. Alipata ghala lililokuwa la magodoro, akamwahidi mwenyewe kumlipa baada ya Roho kushuka. Akapata mpiga kinanda aliyejua nyimbo za aina mbili tu, za harusi na za msiba. Kwa dobi wa karibu na soko aliazima suti ya rangi ya krimu iliyokuwa ikimsubiri mwenyewe. Kisha akazunguka mitaani na kipaza sauti, akitangaza kwamba Ijumaa alasiri yule mama wa dirishani, mnayemjua nyote, ataponywa mbele ya macho yenu, na kwamba baraka za siku hiyo zitatosha waliopo tu.

Hapo kwenye "waliopo tu" ndipo mji uliposhikwa. Mwenye nyumba za kupanga alitaka baraka wapangaji wasihame. Wapangaji walitaka baraka mwenye nyumba ahame. Mama wa Buchani alikuwa na goti lililomsumbua na duka lililopooza, na alikusudia kushughulikia yote mawili kwa safari moja.

Mwisho Sabuni alinunua glavu nyeupe, zile za kuvaa wasimamizi wa harusi. Alijiambia ni kwa ajili ya heshima ya ibada. Akazijaribu chumbani mbele ya kioo, akanyoosha mkono, akasema "Pokea!" Kisha akaenda kunawa, glavu akiwa nazo.

*

Ijumaa ghala lilifurika. Waliokosa nafasi walisimama nje kwenye milango yote miwili, wa mbele na wa nyuma. Mama aliingia akiwa na binti yake, na kwa kila hatua aliyopiga watu walimpisha zaidi ya alivyohitaji. Akakaa mstari wa mbele, binti nyuma yake. Kiti cha kushoto kwake kilibaki kitupu, baada yake akakaa mdogo wake, mkoba umekumbatiwa. Kulia kwake nako kiti kilibaki kitupu, baada yake akakaa Mama wa Buchani, goti limenyooshwa mbele kama mzigo wa forodhani.

Sabuni alihubiri. Tuseme ukweli, alihubiri vizuri. Alizungumza juu ya waliotengwa mpaka watu wakatoa leso, wakawalilia watu waliotengwa wa nchi za mbali, huku mmoja amekaa pale pale katikati ya viti viwili vitupu.

"Mama, njoo!" alinguruma.

Mama akaja. Sabuni akanyoosha mkono, mweupe kama karatasi.

"Vua," alisema mama kwa sauti ya chini.

"Nini?"

"Glavu. Vua."

"Hatukukubaliana hivyo, mama," alinong'ona Sabuni, meno yakiwa bado yanatabasamu kwa ajili ya umati.

"Tulikubaliana unishike mimi. Hicho ni kitambaa. Vua, au nianze kutoa ushuhuda sasa hivi, nianzie kwenye viatu vyako."

Mstari wa mbele ulikwisha kusikia. "Vua, Mtumishi!" alipaza sauti mmoja. "Baraka itakwama kwenye kitambaa!" Na ghala zima likaitikia, "Vua! Vua!"

Sabuni alivua, kidole kimoja kimoja, kama mtu anayemenya yai la moto. Akafumba macho. Akashika.

Mkono ulikuwa na joto. Ulikuwa mkavu kidogo, mgumu mahali penye makovu, na ulimshika kwa nguvu kuliko alivyoushika. Hakuna kingine kilichotokea. Alifumbua jicho moja. Bado hakuna. Alikuwa amejiandaa kwa hofu kubwa, na sasa hofu ilikuja ikakuta pa kukaa hapana.

"Pokea!" alikumbuka kusema.

Mama alitetemeka kidogo kwa adabu. Kinanda kikalia. Umati ukasubiri, ukanyoosha shingo. Kisha sauti ikatoka nyuma:

"Mbona vidole havijarudi?"

Minong'ono ilienea kama maji ya deki. Sabuni alijibu bila kumeza mate. "Vidole ni awamu ya pili! Uponyaji huanzia ndani!"

"Awamu ya pili lini?"

"Ndugu zangu," alisema mama, na ghala likatulia, kwa kuwa wengi hawakuwa wameisikia sauti yake kwa miaka. "Nasikia baraka kwenye mkono huu. Imejaa. Anayeitaka aje aushike. Lakini kwa mkono mtupu, bila leso, bila kitambaa, tena aushike mpaka aseme amina kwa utulivu. Anayeshika na kuachia harakaharaka atapata ya harakaharaka."

Sabuni alimtazama kwa mshangao uliokaribia mapenzi. Hili halikuwamo kwenye mpango. Lilikuwa zuri kuliko mpango! Akaliweka kapu miguuni pa mama, akasimama pembeni kama mtu aliyelizaa wazo lile mwenyewe.

Mama wa Buchani alisimama wa kwanza, goti limesahau kuumwa. Aliwahi, akaushika mkono kwa mikono yake miwili. "Amina," alisema. Kisha akafikiri. "Na hapa gotini, mama, tafadhali." Akauvuta mkono akauweka gotini. "Na duka!" Akaubana kifuani, kwa kuwa duka lilikuwa mbali. Hakuna aliyeushika mkono ule kwa muda mrefu kama yeye, na wote walimwona, maana wote walikuwa wakimlalamikia atoke.

Nyuma yake foleni ikajipanga. Ilizunguka ghala, ikatoka mlango wa nyuma, ikapinda nje ikaja kuingilia mlango wa mbele. Mwenye nyumba alishika. Wapangaji wakashika. Mpiga kinanda aliacha kinanda akaenda kushika, akarudi akakuta amepoteza wimbo.

Mdogo wake mama alifika. Alisimama, mkoba kifuani. Mama alinyoosha mkono. Mdogo mtu aliutazama, akautazama, kisha akauweka mkoba chini sakafuni. Alipoushika ule mkono hakusema amina wala nini. Kidole gumba chake kilipita juu ya kovu moja, taratibu, kama anayetafuta mahali alipopajua zamani.

"Una mikono ya baridi," alisema mama. "Tangu utotoni."

"Dada," alisema mdogo mtu, na waliokuwa nyuma yake, safari hii, hawakumsukuma.

Ilipofika mahali hakuna mtu ndani ya ghala ambaye hajashika, wamebaki wa nje tu, mama aliomba kipaza sauti. Sabuni akampa kwa furaha. Kapu lilikuwa limejaa mpaka mdomoni, akaliinua akaanza kurudi nyuma, nyuma, kuelekea mlango wa nyuma, kama kaa mwenye ibada.

"Nawashukuru," alisema mama. "Sasa nina ushuhuda. Leo sikuponywa."

Kinanda kilinyamaza.

"Niliponywa zamani. Mungu aliniponya kwa vidonge vya hospitali, na mimi nilipiga magoti nikamshukuru. Niliwaambia nyote, mkasema ndiyo mama, mkabaki mmesimama mbali. Basi leo mmenishika. Kama mkono wangu unaambukiza, ninyi nyote mmeshaukwaa ukoma. Jumapili tutakaa wote nje. Ila sijui kama dirisha moja litatutosha."

Kila mtu alitazama kiganja chake. Mwenye nyumba alianza kukipangusa kwenye suruali, akaona watu wanamtazama, akajifanya anakunja mfuko.

"Umetuua!" alipiga kelele Mama wa Buchani. "Umetudanganya ukasema baraka!"

"Sikudanganya. Si umeshika? Umepata nini kibaya?"

Binti alisimama. Alikuwa msichana wa maneno machache. "Mama mkwe, mimi nimenyonya kwake. Nimelala naye kitanda kimoja mpaka nikavunja ungo. Hii hapa mikono yangu, ihesabu. Na kesho ndiyo mikono itakayokupikia. Kama mama anaua, sema sasa, niende nikakae naye dirishani, na harusi iishe."

Mama wa Buchani alifungua mdomo. Akakumbuka mkono ulivyokaa gotini. Akakumbuka kifuani. Akageuza macho akaona mji mzima unamsubiri, na wateja wake wote wa nyama wamo. Akisema mkono unaambukiza, nani atanunua nyama iliyokatwa na yeye? Ungeweza kuona hesabu zikipita usoni mwake kama magari ya mizigo.

"Mimi," alisema hatimaye, kwa sauti iliyofika barabarani, "siku zote nimesema mama huyu ni mzima. Muulizeni mtu yeyote. Watu ndio walikuwa wakinipinga!"

Mtu mmoja alicheka. Kisha mwingine. Kicheko kikapanda kikagonga mabati, na katikati yake mdogo mtu alisema, bila kipaza sauti, "Dada, kesho kiti ni chako. Mimi nitakaa nyuma yako nikushikie mtandio."

*

Wakati huohuo Sabuni alikuwa na matatizo mlango wa nyuma. Waliokuwa nje kwenye foleni hawakusikia ushuhuda. Waliona tu Mtumishi mwenyewe anatoka na kapu.

"Huyo ndiye aliyemshika wa kwanza!" alisema mzee mmoja. "Yake ndiyo baraka yenyewe!" Wakaudaka mkono wake wa kulia. Akahamishia kapu kushoto. Wakaudaka wa kushoto. Kila mmoja alishika kwa utulivu, kama ilivyoagizwa, na hakuna aliyekubali ya harakaharaka. Mkono ambao juma zima ulijikinga na mtu mmoja sasa ulishikwa na watu wasiokuwa na idadi, na wakaurudisha ndani wakiwa bado wameushika, pamoja na mwenyewe.

"Mtumishi analeta kapu," alisema mama kwenye kipaza sauti. "Na yeye ana ushuhuda."

Sabuni alipanda jukwaani. Alifungua mdomo ili utoke uongo mzuri, na kwa mara ya pili juma hilo hakukuwa na kitu. "Ndugu zangu," alisema. "Mimi si mtumishi."

"Tumeshajua!" alijibu mwanamke mmoja. "Na hiyo suti ni ya mume wangu, iko kwa dobi tangu juzi!"

"Ni kweli. Nisamehe, dada, nitaivua. Si hapa." Akaliweka kapu chini. "Nilikuja kuwala. Lakini mkono wa mama huyu niliuogopa kweli. Zile glavu hazikuwa za heshima. Nilikuwa nanawa nikiwa nimezivaa. Ndiyo ushuhuda wangu."

Walitaka kumpiga, kwa upole, kama ilivyo desturi ya watu waliotoka kwenye maombi. Mama akawazuia. Alisema kapu litakwenda kwenye harusi ya kesho, na mlango wa harusi utakuwa wazi kwa kila aliyezoea kukaa nje. Na huyu kijana, akasema, asiguswe. Kisha akafikiri, akajirekebisha: aguswe tu, asipigwe.

Harusi ilifanyika. Mama alikaa kiti cha mbele, na mikono yake aliiweka juu ya magoti bila kuifunika, na wageni walikula mpaka sufuria zikaona haya. Na Sabuni, wapendwa wasikilizaji, alionekana uani, chozi likimdondoka, akilia kwa toba juu ya maisha yake yote yaliyopita, na tangu siku ile akawa mtu mpya kabisa, mfano kwa vijana.

Vizuri. Msinitazame hivyo.

Nakiri. Hakulia kwa toba. Mama alikuwa amempa gunia la vitunguu amenye, asije akakaa bure karibu na zawadi. Na sijui kama akawa mtu mpya, maana Jumapili alikwisha kuondoka, na dobi anasema kuna shati jingine halionekani. Niliweka toba pale kwa sababu nilidhani hadithi ya kanisani lazima iishie hapo.

Lakini hili sikulitunga: mama alipita uani, akamkuta macho yamefumba, hajiwezi kwa vitunguu. Akainama, akamfuta machozi yale kwa kiganja chake chenye makovu, shavu hili na shavu hili. Na Sabuni hakurudi nyuma. Alisema tu, "Mama, na jicho hili pia, tafadhali."